Ekzosi ya Faiba: Maji Ndiyo Yanayobeba Moto

Bertram 31 ni miongoni mwa boti za Marekani ambazo wenyewe hawakubali zife. Mtangulizi wake, boti ya mbao iitwayo Moppie ambayo Ray Hunt alimchorea Richard Bertram, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau mwaka 1960 katika bahari iliyochafuka vibaya. Muda si mrefu umbo hilo, lenye tumbo la V kali linalopasua mawimbi, likaanza kutolewa kwa faiba, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1980. Bodi zake ni faiba nene na hazichoki upesi. Ndiyo maana mpaka leo ziko nyuma ya nyumba za watu, zimepandishwa juu ya vigingi, mwenyewe akizikarabati jioni na siku za mapumziko. Kinachokufa ni mashine. Mwenye boti huzing'oa zile injini mbili za petroli na mara nyingi huweka dizeli za Cummins, silinda sita, lita 5.9, zenye tabo. Wengi hudhani kazi nzito ni kuziteremsha injini hizo na kuzilinganisha na shafti. Kazi inayohitaji akili zaidi ni kuutoa moshi wake nje, na hapo ndipo wengine huamua kujitengenezea ekzosi ya faiba. Uamuzi huo ni mzuri, lakini mara nyingi huelezwa kwa sababu isiyo sahihi. Husemwa kwamba faiba inavumilia joto. Haivumilii. Ekzosi ya faiba hufanya kazi kwa sababu kuna maji ndani yake, na kila hatua ya kuitengeneza inapaswa kupimwa kwa swali moja: je, hapa maji yatafika, na yasipofika itakuwaje?

Tuanze na sababu ya kutengeneza bomba upya badala ya kutumia lililokuwepo. Dizeli yenye tabo husukuma hewa nyingi kuliko injini ya petroli iliyoitangulia, na tabo haipendi kuzibwa upande wa kutokea. Bomba la inchi 4 lina uwazi wa kama sentimita za mraba 81. La inchi 6 lina kama 182, yaani zaidi ya mara mbili. Lakini tofauti ya msukumo wa nyuma ni kubwa kuliko tofauti ya uwazi, kwa sababu kwa kiasi kilekile cha gesi kinachopita, upotevu wa msukumo katika bomba hupungua takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kutoka inchi 4 hadi 6 ni kuuteremsha upotevu huo zaidi ya mara saba. Sasa chukua bomba la inchi 6 ulipitishe chini ya sitaha ya boti ambayo wachoraji wake waliiwazia bomba jembamba. Litagonga boriti, litagonga tangi, na pembeni litakutana na ubavu wa bodi. Mpira wa ekzosi wenye waya ndani haukunjiki kwa pembe kali bila kujibana, na bomba la dukani halina umbo bapa. Nafasi ndiyo inayomlazimisha mtu kufinyanga bomba lake mwenyewe. Pale ambapo mpira ulionyooka unapita bila taabu, atumie mpira, asijitafutie kazi.

Sasa maji. Gesi inayotoka kwenye tabo ya dizeli iliyobebeshwa mzigo kamili huwa na joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, wakati mwingine zaidi. Hakuna rezini ya kawaida ya faiba inayoweza kukaa humo. Ila injini ya boti huvuta maji ya bahari, huyapitisha kwenye vipoza vyake, kisha huyamwaga ndani ya ekzosi kwenye elbo ya kuchanganyia. Hesabu ya jumla inatia moyo sana. Injini ya ukubwa huu ikitoa, tuseme, kilo 18 za gesi kwa dakika, na gesi hiyo ikateremshwa kutoka nyuzi 450 hadi 80, joto linaloondolewa ni kama kilowati 120. Maji lita 150 kwa dakika yatalichukua joto hilo lote kwa kupanda nyuzi kama 12 tu. Zaidi ya hapo, sehemu ya maji hugeuka mvuke, na kila kilo inayogeuka humeza joto jingi mno, zaidi ya megajuli 2. Kwa hiyo uwezo wa kupoza upo, tena wa kutosha na kubaki. Mtu akiishia hapo ataamini kwamba tatizo limekwisha, kwamba mradi pampu inavuta na maji yanaonekana yakitoka tezi, bomba liko salama.

Hesabu ya jumla inaficha kitu kimoja: hudhani kwamba maji na gesi vimechanganyika. Ndani ya bomba havichanganyiki kwa hiari yao. Maji ni mazito, huanguka sakafuni mwa bomba na kutiririka huko kama kijito, huku gesi moto ikipita juu yake kavu kabisa. Maji yanayotoka tezi yanaweza kuwa mengi na ya uvuguvugu, na bado dari ya bomba, sentimita chache baada ya elbo, ikawa inaungua. Ndiyo maana mabomba ya faiba yaliyoharibika huonyesha alama yake upande wa juu: rangi inageuka kahawia, kisha nyeusi, rezini inatoweka na nyuzi za kioo zinabaki wazi zikiwa laini kama pamba, ilhali sakafu ya bomba hilohilo bado inang'aa. Anayeliona hulaumu faiba. Anayestahili lawama ni aliyechora elbo yenye tundu moja la maji, au aliyeyaingiza maji upande wa chini. Elbo inayofaa ina kuta mbili, maji yakizunguka katikati ya kuta hizo na kutoka mdomoni pande zote kwa pamoja, au ina pete ya matundu inayorusha maji kuelekea katikati na juu. Hapo kuna mvutano ambao mkarabati lazima auelewe. Bomba pana hupunguza msukumo wa nyuma, lakini pia hupunguza mwendo wa gesi, na gesi inayokwenda polepole haiwezi kuyachukua maji na kuyasambaza. Kwa hiyo upana usianze kwenye elbo. Uchanganyaji ufanyike mahali pembamba ambapo gesi ina kasi, kisha bomba lipanuke taratibu baada ya maji kuwa ukungu. Elbo yenyewe ibaki ya chuma, nayo ifungwe kitambaa cha kuzuia joto. Faiba ianzie mbele yake, ikitanguliwa na kipande cha mpira wa ekzosi, kwa kuwa injini hutikisika juu ya raba zake na bomba lililoshikwa kwenye bodi halitikisiki nayo.

Maji hayohayo yana hatari ya upande wa pili, ya kurudi. Yakiingia kwenye tabo au silinda, injini imekwisha. Bomba literemke kuelekea tezi bila tumbo lolote la kutuamisha maji, mteremko usiopungua kama sentimita 4 kwa kila mita, na kipimo hicho kichukuliwe boti ikiwa majini na imebeba mafuta, kwa sababu inaposimama nchi kavu juu ya vigingi haikai kama inavyoelea. Sehemu ya juu ya elbo iwe juu kabisa ya usawa wa maji. Bertram yenye tezi bapa hupigwa na wimbi la nyuma, hivyo kilango cha raba kwenye tundu la kutokea ni cha lazima.

Baada ya kuhakikisha maji yanafika, ndipo rezini izungumzwe, na izungumzwe kwa siku ambayo maji hayatafika. Siku hiyo huja. Mfuko wa plastiki hufunika tundu la kuvutia maji, au impela ya raba ya pampu hukatika mabawa, na ndani ya muda mfupi sana bomba linakabiliwa na gesi kavu. Rezini ya poliesta ya kawaida, ileile ya kujengea bodi na matangi, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hadi 75 hivi. Ya aina ya isofthaliki hufika karibu na 100. Vinailesta ya kawaida hupita 100 kidogo, na vinailesta ya novolaki hukaribia 150. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshinda nyuzi 450. Kinachonunuliwa kwa fedha ya ziada ni muda: dakika moja au mbili za dereva kusikia kengele na kuzima kabla bomba halijapinda na kumwaga maji ya bahari na moshi ndani ya ngama. Kipimo cha Marekani cha mipira ya ekzosi ya boti, SAE J2006, kimejengwa juu ya wazo hilohilo, kwa kudai mpira uvumilie dakika 2 za injini kufanya kazi bila maji. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo cha haki kwa bomba la nyumbani pia, na chini ya kigezo hicho poliesta ya kawaida haina nafasi.

Wapo watakaosema: basi tumia epoksi, ni imara kuliko zote na inashika vizuri. Ni kweli kwamba inashika vizuri. Lakini epoksi ya makopo mawili inayogandia kwenye joto la chumba hulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, chini hata ya poliesta nyingi. Uimara unaosifiwa ni wa ubaridi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi huliruka hata wakiwa wamenunua novolaki ya bei kubwa: rezini haifikii uvumilivu ulioandikwa kwenye karatasi yake kwa kuganda tu. Joto ambalo bomba limepikwa ndilo linaloweka mpaka wa joto litakaloweza kubeba. Bomba lililogandia kwenye nyuzi 25 na kufungwa kesho yake ni bomba la nusu uwezo. Lazima liokwe. Boksi la plaiwudi lililotandikwa ndani mabamba ya kuzuia joto, hita ya umeme yenye kidhibiti, kipimajoto cha kueleweka, nyuzi 80 au zaidi kwa saa kadhaa, joto likipandishwa polepole, na boksi lenyewe liwe nje ya nyumba. Kabla ya hapo bomba liwe limeganda kabisa. Ukilifuta kwa asetoni likanata, bado.

Ufinyanzi wenyewe si mgumu kwa mtu aliyewahi kuziba tundu la boti, lakini una mitego yake. Bomba hujengwa juu ya kiini kitakachotolewa baadaye. Kiini rahisi kuchonga ni povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni, ambalo hukatwa kwa msumeno, hulainishwa kwa msasa na kujaribiwa mle mle ndani ya boti hadi lipite chini ya boriti bila kugusa. Tatizo ni kwamba stairini iliyomo kwenye rezini huliyeyusha povu hilo. Lisipofunikwa lote kwa selotepu pana ya kahawia na kupakwa nta, mkeka wa kwanza utazama ndani yake na umbo lote litaharibika. Tabia hiyohiyo hugeuka msaada mwishoni: bomba likishaganda, kikombe cha asetoni kinalimaliza povu na selotepu inavutwa nje. Pale bomba linapobapazwa, uwazi usipungue. Duara la inchi 6 likibanwa hadi urefu wa sentimita 10 kwenda juu, linahitaji upana wa kama sentimita 20 ili lipitishe gesi ileile. Kuta hizo bapa hupigwa na mapigo ya silinda na hutetema, hivyo ziongezewe tabaka ambazo duara halikuzihitaji.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye ncha. Mpira wa inchi 6 huvalishwa juu ya bomba, maana yake kipenyo cha nje cha faiba ndicho kinachopaswa kuwa milimita 152, tena duara kamili. Lakini ukijenga juu ya kiini, upande wa ndani ndio unaotoka laini na sahihi. Wa nje hubaki na mawimbi ya brashi na unene unaobadilika. Kukaza vibano viwili juu ya uso kama huo ni kukaribisha kuvuja, na kuusugua kwa grenda hadi utoshe ni kukata nyuzi ulizotoka kuziweka. Mafundi makini hununua vipande vifupi vya bomba la faiba lililozungushwa kiwandani kwa vipimo vya mipira, kwa mfano vya Centek ya Thomasville, Georgia, na kuvifanya kuwa ncha. Umbo la ajabu linajengwa katikati tu, likipanda juu ya vipande hivyo. Sioni aibu yoyote katika hilo. Anayejenga kila kitu mwenyewe hadi ncha anatafuta sifa mahali ambapo kinachotakiwa ni kutovuja.

Kwenye kutandika, tabaka la kwanza linaloguswa na maji ya chumvi liwe pazia jepesi na mkeka vilivyoloweshwa rezini kwa wingi, kwa sababu nyuzi zikiwa karibu na uso maji huzifuata na kuingia ndani. Juu yake ndipo kitambaa kilichofumwa kifuate, nyuzi zikipishana kwa mshazari kuzunguka bomba, ndizo zinazozuia lisipasuke. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa takriban milimita moja, hivyo ukuta wa milimita 5 au 6 ni kazi ya mchana mmoja kama mtu amejiandaa. Na ni bora uwe mchana mmoja. Tabaka linalowekwa juu ya jingine lingali bichi huungana nalo kikemia, ilhali la wiki ijayo hushika kwa mikwaruzo ya msasa peke yake, na viungo vya namna hiyo ndivyo hufunguka kwanza joto linapopanda. Tena vinailesta hutoa povu ikikutana na hadina (kigandishi) ya kawaida ya peroksaidi, kwa hiyo inunuliwe hadina iliyopendekezwa na mtengenezaji wa rezini hiyo. Na kobalti, ile inayoharakisha kuganda, isikutane kamwe na peroksaidi moja kwa moja nje ya rezini, hulipuka.

Pingamizi la kwanza linalostahili jibu ni la chuma. Kwa nini mtu ajisumbue na mikeka wakati mchomeleaji anaweza kutengeneza umbo lolote kwa chuma kisichoshika kutu? Kwa sababu jina hilo halitimii ndani ya ekzosi. Chumvi, joto na maji yanayotuama baada ya injini kuzimwa hutoboa hata chuma cha daraja la 316 kwa vitundu vidogo, na salfa ya dizeli ikichanganyika na maji hutoa tindikali inayoongeza ulaji huo, hasa kando ya maweldi. Kuoza huanzia ndani ambako jicho halifiki. Kabla ya maji kuingia, chuma ndicho chenyewe na hakina mbadala. Baada ya maji kuingia, faiba haishiki kutu hata kidogo, na uzito wake kwa ujazo uleule ni kama moja ya tano. Katika pwani yetu ubishi huu haujasikika sana kwa sababu boti nyingi za faiba za uvuvi hutumia mashine za nje, ambazo hutoa moshi wake kupitia mguu wake majini. Lakini fundi wa Mombasa au Dar es Salaam anayepewa boti ya zamani yenye dizeli ya ndani atakutana nao, akiwa na ujuzi wa mkeka mkononi na, mara nyingi, rezini isiyofaa dukani.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: bomba la nyumbani halijapimwa na mtu. Vifaa vya ekzosi vya kiwandani Marekani hupimwa kwa kigezo cha UL 1129, na ufungaji wake huongozwa na kanuni ya P-1 ya baraza la boti la Marekani, ABYC. Mwenye boti hana maabara. Nakubali uzito wa hoja hii, na ndiyo maana naona bomba lisilopimwa lisihesabiwe kuwa limekamilika, hata likipendeza namna gani. Vipimo vyenyewe viko ndani ya uwezo wake. Bomba lizibwe ncha, lijazwe maji, lisimamishwe usiku kucha. Kwenye elbo kavu, kabla ya maji kuingia, litobolewe tundu dogo lenye nyuzi za kufungia, liunganishwe bomba jembamba la shaba na kisha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kujazwa maji nusu. Injini ikiendeshwa kwa mzigo kamili baharini, kila sentimita 10 za tofauti kati ya maji ya pande mbili ni kilopaskali moja ya msukumo wa nyuma. Injini nyingi za namna hii hazitakiwi kuzidi kilopaskali 10, nyingine chini ya hapo, na kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Katika safari hiyohiyo kipimajoto cha mwanga kielekezwe kwenye faiba baada ya elbo: juu, ubavuni, chini. Juu ikizidi chini kwa makumi ya nyuzi, maji hayafiki darini, na dawa yake ni elbo nyingine. Kuongeza tabaka hakusaidii, maana faiba haipitishi joto kirahisi na ndani hali ni mbaya kuliko kipimo kinavyosema.

Jibu hilo linatosha kwa dizeli. Halitoshi kwa petroli. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi nyingi mno, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kiungo kinachovuja chini ya chumba wanamolala watu kinaweza kuwaua usingizini. Anayebaki na petroli kwenye Bertram yake anunue vifaa vilivyopimwa, afuate P-1 neno kwa neno, na aweke king'ora cha gesi hiyo chumbani. Mwenye dizeli naye aweke king'ora hicho, na kingine cha joto kilichofungwa juu ya bomba, upande wa darini, mara tu baada ya elbo, kilie kabla ya nyuzi 95. Kihisi cha joto la maji ya injini hakiwezi kushika nafasi yake, kwa sababu impela ikikatika ekzosi huungua mapema, kabla mshale wa dashibodi haujaanza kupanda.